Moyo wa Beberu Mwekundu

Akeno wa Kakuma hakuwa mwoga. Alishawahi kumfukuza fisi kwa kiatu. Lakini daktari wa moyo wa kule Lodwar, aitwaye Lomorukai, alimtisha. Mjukuu wa Akeno, Nakaale wa miaka sita, alikuwa na moyo unaorukaruka, na daktari alitaka kuufuatilia kutoka huko huko mbali. Nesi wa zahanati akamvalisha mtoto saa ya kuhesabu mapigo na hatua, inayotuma hesabu zake Lodwar kupitia simu ya bibi. Siku saba. Hesabu zikiwa mbaya, mtoto apasuliwe.

"Apasuliwe nani? Nakaale wangu? Thubutu!"

Njia nzima alibwata. Alipofika nyumbani akaingia zizini, maana yeye uzima anaujulia kwa mifugo, na moyo mzima kuliko yote ulikuwa wa beberu wake mwekundu, ambaye hata kiangazi kilichomaliza wenzake hakikumkohoza. Akamvua Nakaale saa, akamnyoa beberu mguu, akamfunga yeye. Beberu akaenda malishoni akijiona chifu, na jioni aliporudi karibu na simu, hesabu zikaenda Lodwar.

Siku ya tatu daktari akapiga.

"Ejok, mama," akamsalimu Kiturkana. "Mtoto hajambo?"

"Mzima kabisa!"

"Saa inasema jana amepanda ghorofa thelathini na moja. Hapo kwenu kuna ghorofa gani?"

"Kuna kilima, daktari."

"Na moyo unapiga mia na themanini. Huyu hawezi kungoja, mama. Natuma ambulensi sasa hivi, aje apasuliwe."

Akeno akakaa mavumbini.

"Usije! Huyo si Nakaale, ni beberu!"

"Beberu ni nani?"

"Mbuzi, daktari, mbuzi dume! Nilikutafutia moyo mzuri usimkate mtoto wangu!" Akaangua kilio.

Daktari akakohoa sana, kikohozi cha mtu anayebana kicheko. Akaagiza saa arudishiwe mwenyewe, siku zianze upya.

Siku saba hizo Akeno hakula vizuri. Simu ilipolia, aliishika kwa mikono miwili.

"Mama, moyo wa Nakaale unataka vidonge tu. Hakuna kisu."

Akeno akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akamgeukia beberu, aliyekuwa akitafuna kanga yake iliyoanikwa kwenye kamba.

"Na wewe! Nikakuamini, kumbe ulikuwa unampeleka mjukuu wangu kisuni!"