Chuma Kilekile, Rangi Mpya

Mafundi hawajafungua geti bado, lakini mwanamume mmoja mwenye mvi yuko nje anafuta vumbi gari lisiloweza kutembea. Ni gari jekundu la spoti, la viti viwili, lenye paa la turubai linalokunjwa. Limelala upande mmoja kama mtu aliyekalia mguu wake. Gurudumu la mbele la kushoto limejikunja chini ya bodi.

Akimaliza kufuta, anatandika kitambaa cheupe juu ya boneti na kuweka juu yake kipande cha chuma kilichovunjika. Anavuta kiti cha plastiki, anakaa. Kila mteja anayeingia gereji lazima apite hapo.

“Mtu akiuliza, namweleza,” anasema. “Asipouliza, namsalimia kwanza, kisha namweleza vilevile.”

Hajaziba njia. Ameacha nafasi ya gari kupita, tena ameipima kwa hatua zake. Anasema hataki wateja wasiingie. Anataka waingie wakijua.

Anakaribia miaka sitini, na watu humwita Taratibu. Kazi yake ni kuwapeleka mabibi harusi ukumbini. Gari hili lililoundwa kukimbia, kwa miaka mingi ameliendesha kwa mwendo wa msafara wa jeneza, utani wake mwenyewe ambao wenye harusi hawaupendi sana. Gari lenyewe hakulinunua. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja, na tajiri huyo alipofunga biashara hakuwa na fedha za kuwaaga wafanyakazi.

“Wenzangu walipewa ahadi, mimi nikapewa funguo,” anasema. “Hiki ndicho kiinua mgongo changu. Kikivunjika, sina kingine cha kuuinua.”

Gereji anayoikalia getini ni ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Wazazi wao walifariki mapema, na mke wa Taratibu, fundi cherehani, ndiye aliyemlea ndugu yake huyo, akamsomesha ufundi kwa nguo za watu. Leo juu ya geti kuna ubao mkubwa unaotangaza matengenezo ya magari ya kifahari.

Mkasa ulianza msimu wa mvua, gari lilipotumbukia kwenye shimo lililojaa maji. Usukani ukaanza kuvuta kushoto. Taratibu akalipeleka kwa shemeji bila kuuliza bei wala kwingine, maana damu nzito kuliko maji. Shemeji aliingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa. Alisema chuma kinachoshika gurudumu kimepasuka, hakishoneki, lazima kiagizwe kipya kutoka ng’ambo, na si rahisi.

Mfukoni hapakuwa na kitu. Mkewe akauza cherehani chake cha umeme, akabaki na kile cha kuzungusha kwa mkono.

Gari lilirudi limeoshwa, linang’aa. Taratibu aliinama, akachungulia, akaona chuma cheusi kipya, akamshukuru shemeji yake mara mbili. Shemeji alimwambia hapo hata akitaka kuzunguka dunia, aende tu.

“Niliona rangi,” anasema Taratibu. “Chuma sikukiona.”

Bibi harusi wa siku ya ajali alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto wa darasa lake walikuwa wakikimbia kando ya gari, wanapiga vigelegele, wanamwita mwalimu wao. Kwenye mteremko wa kuelekea ukumbini, Taratibu alisikia mlio kama wa mwiko unaovunjika. Usukani ukawa mwepesi mikononi, hauna kazi. Gari likaenda kushoto lenyewe na kugonga ukuta wa mawe. Bibi harusi alivunjika kifundo cha mkono. Taratibu alipasuka goti.

Watoto walikuwa upande wa kulia.

“Wangekuwa upande ule mwingine,” anaanza, halafu anainuka na kufuta tena boneti ambayo tayari ni safi.

Alipotoka hospitali akichechemea, maneno yalikuwa yameshamtangulia. Ilisemwa kwamba mzee alipandwa na ujana akataka kuonyesha gari lake linavyokimbia. Baba wa bibi harusi alimfungia mlango usoni. Waliokuwa wamemwekea nafasi wakamtumia ujumbe mmoja mmoja kwamba wamepata usafiri mwingine, na tangu siku ile hajabeba bibi harusi hata mmoja.

Kilichomchoma zaidi ni chanzo cha maneno hayo. Shemeji ndiye aliyekuja kulivuta gari siku ya ajali. Alisimama mbele ya wageni wenye nguo za harusi na kuwaambia kwamba gari la spoti halimfai mtu wa umri ule, linamlevya.

“Mimi, Taratibu, nimekimbiza gari,” anasema, na kucheka bila tabasamu.

Ukweli ulitoka ng’ambo ya barabara inayopita gereji, kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyeomba aone kipande kilichovunjika. Alikwangua rangi kwa tupa. Chini yake palikuwa na mshono wa kuchomelea, wa haraka, umejaa matundu. Kisha akamwonyesha Taratibu mahali palipokatika. Nusu ilikuwa ya kahawia kwa kutu, nusu inang’aa. Yenye kutu ulikuwa ufa wa siku nyingi, wa lile shimo la mvua. Inayong’aa ndiyo iliyojikaza peke yake mpaka siku ya harusi.

Chuma hakikuwa kimebadilishwa. Kilikuwa kilekile, kimeunganishwa na kupakwa rangi.

Wakubwa wa ukoo walipopata habari, walimwita wakamsihi mambo yaishie ndani. Walimkumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Taratibu aliwajibu kwamba yeye jembe hana. Alikuwa na gari, nalo wamelivunja. Kesho yake akaomba livutwe mpaka getini.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alimwekea chakula, akageukia cherehani chake cha mkono. Hakutaka kuamini. “Mtu niliyemlea kwa ncha ya sindano,” anasema, “ningeanzaje kusikia kwamba amenifanyia hivyo?”

Jumatano jioni alikwenda gereji peke yake, akapitia mlango wa nyuma, akamkuta ndugu yake akinawa mikono. Hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu, kama aliweka chuma kipya.

“Akaniambia, dada, kile kilikuwa bado kinavumilia hata mwaka,” anasimulia. “Nikamuuliza, na baada ya mwaka? Akarudi kunawa mikono. Hapo nikajua hakukosea. Alikadiria.”

Siku iliyofuata, wakati mwandishi huyu akiwa bado getini, mama huyo alikuja na kigoda chake. Alikiweka upande wa pili wa boneti, akakaa. Mumewe alimtazama, kisha akamsogezea kigoda upande wenye kivuli.

Muda si mrefu alifika mwanamke mwenye gari dogo jeupe, breki zinamsumbua. Alisikiliza maelezo ya Taratibu, akakigeuza kile chuma mikononi, akaonekana bado ana shaka. Akamuuliza mama na yeye ni nani.

“Mwenye gereji ni mdogo wangu, tumbo moja,” akajibu.

Mwanamke alilirudisha nyuma gari lake akaondoka.

Ndipo shemeji alipotoka, anajifuta mikono kwa tambara. Hakumtazama dada yake. Alisema yuko tayari kulitengeneza gari lote bure, na rangi juu yake, mradi liondolewe pale.

“Rangi ulishanipaka, mimi na gari langu,” Taratibu alimwambia bila kupandisha sauti. “Mikono yako hailigusi tena. Chuma utaagiza, na boksi nitalifungua mimi. Lakini leo nenda kwa baba wa yule binti, ukamwambie ulichofanya.”

Alipoulizwa na mwandishi huyu, mwenye gereji alisema hayo ni mambo ya familia, na kwamba hakuna gereji isiyochomelea. Mafundi wake wawili waliokuwa wakisikiliza waliinama, wakaendelea na spana zao.

Alasiri shemeji alikwenda, dada mbele, ndugu nyuma. Baba wa bibi harusi anathibitisha. Anasema mgeni wake alisema maneno machache huku macho yakiwa kwenye viatu, na yeye alimuuliza jambo moja, kama alipokuwa akikipaka chuma kile rangi alijua watakaopanda gari lile ni mabibi harusi. Mzee huyo anakiri kwamba na yeye ana deni la radhi kwa dereva.

Bintiye, mkono bado umefungwa plasta, ana hasira yake.

“Tulikuwa tunakwenda polepole mpaka watoto wangu wa chekechea walitupita kwa miguu,” anasema. “Ningelisema hilo siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza.”

Jioni gari lilivutwa mpaka ng’ambo ya barabara, kwa fundi wa kuchomelea, ambaye amekataa katakata kukishona tena chuma kile. Linasubiri kipya.

Taratibu hana uso wa mshindi. Anasema radhi aliyoombwa baba wa watu, yeye mwenyewe hajaiombwa, na hasira zake hazijaisha wala hana haraka nazo. Mkewe anaota siku ya kumwona ndugu yake tena mezani kwake. Hajamtajia mumewe.

Taratibu anatumaini kurudi kazini kabla msimu wa harusi haujapita. Lakini abiria wa kwanza, anasema, hatakuwa bibi harusi. Atakuwa shemeji. Atamkalisha kiti cha kushoto, juu ya gurudumu lilelile, washuke pamoja ule mteremko wa ukumbini.

“Tutakwenda taratibu,” anasema. “Nataka auone wote.”