Chungu Chini ya Ukuta wa Mdachi

Mwaka ule mto ulipopanda, watu wa bondeni walikimbilia kilima cha boma, maana ndicho pekee kilichobaki kikavu. Mwantumu binti Mtoro alifika tumbo limekwisha mshuka, akajifungulia barazani kwa Serikali, juu ya magunia ya mpunga. Bwana Shauri mwenyewe ilimbidi ahamishie meza yake chumba cha nyuma. Shaabani, mume wa Mwantumu, alikuwa visiwani akikata mikoko, wala hana habari.

Kondo la nyuma la mtoto halizikwi penye maji. Likichukuliwa na mto, mtoto naye hukauka. Basi mama mkwe, Bi Biasha, akalitia katika chungu, akalifukia chini ya ukuta uliobakia wa boma la kwanza, la Mdachi, baina ya mzinga wenye kutu na ule mkwaju waliponyongewa watu wakati wa Majimaji.

"Hapa hapana atakayechimba," alisema. "Kila mtu anapaogopa."

Maji yakaanza kushuka. Arobaini haijatimia, vibarua wakaja na majembe. Serikali inataka mfereji, na mfereji unapita pale pale.

Mwantumu alikuwa ndani, katika chumba cha askari walichoazimwa. Tangu alfajiri mtoto, Siti, alikuwa akinyonya kwa uvivu, analiachia titi na kulia. Kila jembe lilipogonga jiwe, Mwantumu alimtazama usoni.

"Mama, watalifikia."

"Nimekwisha sema nao," Bi Biasha alijibu, akikwepa macho yake.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wasichimbe pale, pana kitu. Ulitaka niwatajie kondo, wanaume wazima wale? Mie sina haya?"

Mwantumu alijishika kichwa. Nani bondeni asiyejua kuwa Wadachi walipokimbia vita walifukia mali zao? Kumwambia kibarua kwamba pana kitu chini ya ukuta wa Mdachi ni kumpa jembe la pili! Na kweli, huko nje nyimbo za vibarua zilikuwa zimekatika. Walichimba kimya kimya, wanahema tu.

Akampakata Siti, akachukua kisu, maana mzazi hatoki bila chuma.

"Unakwenda wapi na uzazi mbichi, we mtoto!"

Alikuwa amekwisha toka.

Kijana mmoja mwenye maneno, Zaidi, alikuwa amepiga magoti mferejini. "Kimelia, mnyapara! Wallahi kimelia kama chungu! Zikiwa rupia, mie mwakani nakwenda Maka."

"Msikitini hapo hujafika, utafika Maka?" alisema mnyapara, mzee Mwinjuma, lakini naye shingo kainyoosha.

"Shikamoo, baba Mwinjuma. Mwambie aache."

"Marahaba, mwanangu. Kwani mmejuaje kama kipo? Ni chenu?"

"Ni chetu."

"Thubutu!" Zaidi akacheka. "Mdachi amekuwa babu yako lini? Tutagawana, dada, usihofu." Akapenyeza vidole penye kifuniko.

Mwantumu alisogea hata ukingoni mwa mfereji. Neno lile hata mbele ya mumewe hakupata kulitamka.

"Ni kondo la huyu," akasema, akimwinua Siti. "Kondo, baba. Limetoka tumboni mwangu, barazani pale. Akilifunua, mwanangu ananiulia."

Zaidi alitoa mkono kama aliyeungua, akawa anausugua mchangani.

"Gawana basi," mtu alimnong'oneza.

"Kimya!" Mwinjuma alifoka, uso kaugeuzia kando. "Mfereji utazunguka mzinga. Bwana Shauri akiuliza, nitamwambia pana jiwe. Haya, kaeni mbali, mumsitiri mzazi."

Mwantumu alishuka mferejini. Jembe lilikuwa limemega ukingo wa chungu, na kifuniko kimesogea upana wa kidole. Alikirudishia, asithubutu kuchungulia, akafukia kwa mikono yake. Bi Biasha akafika akitweta, akaushindilia udongo kwa nyayo, huku akisoma Kul huwallahu chini kwa chini.

"Kizima," alisema. "Hakikupata kitu."

"Umeona ndani, mama?"

Bi Biasha aliendelea kukanyaga.

Mwantumu akaketi, akaegemea ukuta, akampa mtoto titi. Siti alilishika, akalivuta, akaliachia. Akalishika tena. Mama yake alibana pumzi, akimtazama koo kama linameza.