Taa Inayowahi Mtaani Kwetu

Mtaani kwetu kuna taa moja haina subira. Nyingine zinangoja jua lizame, yenyewe inawaka mapema, mbingu ingali na rangi ya papai. Inang'aa peke yake pale kwenye nguzo, kama mtu aliyefika harusini kabla ya viti. Kila mgeni anasema hiyo taa mbovu. Sio mbovu. Mimi nimechoka kuwaelezea mmoja mmoja, ndio maana naandika.

Anayeziwasha taa za mji huu ni jirani yangu. Tunamwita Dada Machweo, kwa sababu ukimuuliza leo jua linazama saa ngapi anakujibu bila hata kuangalia juu. Ofisini kwake hakuna swichi. Kuna kompyuta na kuna faili. Ndani ya faili kila taa ina kifungu chake: namba yake, mtaa wake, saa ya kuwaka, saa ya kuzima. Kila kifungu kina mabano yake na koma zake, na koma moja ikikosekana faili zima linagoma kusomwa. Visanduku vilivyofungwa kwenye kona za mitaa vinalisoma hilo faili kila baada ya dakika chache na kutii.

Sasa jua halina msimamo. Leo linazama hivi, wiki ijayo vingine. Nani akae abadilishe maelfu ya taa kwa mkono? Dada Machweo alijifunza mwenyewe akaandika skripti, yaani maelekezo mafupi ambayo kompyuta inayafuata. Kila mchana skripti inapiga hesabu ya jua na kusahihisha saa ndani ya faili. Yeye anakunywa chai. Anasema wakati mwingine akifumba macho anauona mji wote kama hilo faili, mistari na mistari ya nuru, kila mtu kalala ndani ya mabano yake.

Juu kabisa ya faili aliandika onyo kwa wenzake: "Msiguse kwa mkono. Hapa inaandika skripti."

Halafu akagusa kwa mkono. Yeye mwenyewe!

Sababu ni baba yake. Mzee alikuwa fundi viatu, na hadi leo ukipita anakuangalia miguuni kabla ya usoni. Siku hizi kichwa kinamponyoka. Kila alasiri anaenda uwanjani kutazama mpira, na jioni anarudi. Tatizo ni kwamba nyumba zetu zote ni pacha: mlango uleule, dirisha lilelile, rangi ileile iliyochoka. Kulikuwa na wakati taa ya mbele ya kwao iliharibika ikawa inawaka mapema, na mzee akawa anaifuata moja kwa moja mpaka mlangoni. Mafundi wakaja wakaitengeneza, mzee akaanza kupotea. Dada Machweo akafungua faili, akatafuta kifungu cha taa ile, akairudisha nyuma saa yake ya kuwaka. Mzee akaacha kupotea. Hakumwambia mtu.

Ilidumu kwa sababu skripti ya zamani ilikuwa inasogeza tu saa zilizokuwemo. Baadaye akaiona ni ya kizamani, akaandika nyingine iliyo safi: inalifuta faili lote na kuliandika upya toka mwanzo. Aliifurahia kama mtoto na kiatu kipya. Ile taa aliisahau kabisa.

Jioni ya kwanza ya hiyo skripti mpya, mimi na shangazi tulikuwa barazani. Taa zote zikawaka pamoja. Mzee akaingia mtaani, akasimama katikati. Akaenda kwenye nguzo moja, akaipapasa. Akaenda nyingine. Alikuwa anatembea taratibu kama mtu aliye chini ya maji.

"Hapa ndio kwangu?" akatuuliza.

"Kwako kule mbele, mzee wangu," shangazi akasema. "Njoo nikushike mkono."

"Unishike mimi mbuzi?" Akamsukumia fimbo. Akageuka, akaanza kurudi alikotoka, kuelekea barabara kubwa yenye malori.

Mke wake magoti hayamruhusu kukimbia. Alisimama mlangoni na simu, kampigia binti yake ofisini, anapiga kelele mtaa mzima unasikia.

"Wewe, baba yako anaelekea barabarani!"

Dada Machweo, kama alivyonisimulia baadaye, aliuliza, "Mama, taa yetu imewaka mapema, au pamoja na nyingine?"

"Nakwambia baba, unaniuliza taa?"

"Mama!"

"Pamoja! Zote pamoja! Umeridhika?"

Hapo ndipo akaelewa. Kutoka ofisini kwake mpaka kwetu ni mbali, hakuna mbio za kufika. Akafungua faili. Kuwahisha taa haiwezekani tena, jua limeshazama. Basi akauzima mtaa mzima, akabakiza kifungu kimoja. Akahesabu koma kwa kidole kwenye kioo, akahifadhi, akangoja kisanduku cha kona kisome.

Sisi huku tulikuwa tunamfuata mzee nyuma nyuma, shangazi anamwimbia matusi ya upole. Alikuwa ameshafika mdomoni mwa barabara. Ghafla giza, paa.

"Umeme!" akafoka kinyozi anayenyolea nje chini ya taa ya mtaa.

"Mashine yako si inanguruma? Umeme upo, umasikini wa macho huo!" mteja wake akamjibu.

Mzee akageuka. Mtaa mzima ulikuwa mweusi kama maji ya kisima, na kule ndani taa moja ilikuwa inaelea.

"Aa," akasema. "Ile pale."

Akatupita kama hatupo. Akaifuata mpaka kwenye nguzo, akaipigapiga kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni, akaingia ndani.

Bosi wa Dada Machweo alikuja juu.

"Nani kazima mtaa?"

"Mimi. Baba alikuwa anarudi nyumbani."

Bosi akakuna kidevu. "Basi hiyo sababu iandike mahali ambapo skripti itaiona. Usinizimie mtaa tena."

Akaandika. Siku hizi skripti inalisoma faili la zamani kwanza kabla ya kuandika jipya, na kila kifungu kimeongezewa mstari wa sababu. Kwenye taa nyingine zote mstari ni mtupu, inapiga hesabu na kuendelea. Ikifika kwenye ile moja inakuta "baba anarudi", inaipa saa ya peke yake.

Juzi nilikuwa kwao tunakula. Mzee akaacha kutafuna.

"Huyu anayewasha taa za mtaa huu ana roho nzuri. Mnamjua?"

"Namsikia tu, baba," Dada Machweo akasema, akamwongezea mchuzi.