Nilijisomea Majibu ya Titi Kabla ya Daktari

Leo nimejisomea majibu ya hospitali. Sirudii.

Nilikuwa na mama kwenye benchi la hospitali, Bukoba, tukisubiri daktari atueleze kuhusu kinyama walichokata kwenye titi langu.

Nikafungua karatasi. "Fibroadenoma."

Mama akauliza, "Ndiyo saratani?"

Nikasema sijui, ila jina ni refu.

Akampigia baba, aliyeko nyumbani Kimwani, huku analia. Mimi nikashindwa hata kulia.

Daktari akatuita. "Ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Tutaendelea kuuangalia."



Mama akapiga tena. "Baba Koku, mtoto ni mzima!"

Baba akasikika akisema, "Mchungaji ameshafika. Na majirani."

"Basi wasiondoke. Washukuru."

Jamani, nikifika niingie na sura gani?