Ng'ombe Aliyezuiwa Getini

Saa moja asubuhi, Sarara ameweka kisu pembeni na kushika kalamu. Mkono uliozoea kugawa paja la ng'ombe bila wasiwasi leo unaandika polepole kwenye kikaratasi. Kila herufi anaitamka kwa sauti ili mkewe, aliyeketi kando ya mizani, aisikie.

"Hiyo nyama iko wapi sasa?" mkewe anamuuliza.

"Kwenye ndoano."

"Basi imeshaingia ndani. Inaitwaje?"

"Beef," anajibu, kisha anacheka. "Miaka ishirini na saba nauza nyama, leo naulizwa jina lake kama mgeni."

Wateja ndio waliompa jina la Sarara, kwa sababu ya ule mnofu laini wa mgongoni anaowatengea wajawazito na wagonjwa. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu na shule aliiacha darasa la nne. Bucha lake lina upana wa hatua nne, na siku ikiwa nzuri huuza kilo ishirini. Hoteli iliyo mwisho wa barabara inataka kilo sitini, mara tatu kwa wiki.

Mwezi uliopita nusura aipate kazi hiyo. Aliambiwa alete mzigo wa majaribio pamoja na orodha ya Kiingereza. Miaka yote aliyemwandikia ni mkewe, ambaye aliwahi kupika katika bweni la wanafunzi. Lakini mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na Sarara hakutaka kumkumbusha machungu. Akajikaza kiume, akaandika mwenyewe: cow, sheep.

Mlinzi wa hoteli alisoma karatasi, akamwambia mifugo haipiti geti lile.

"Nikamuuliza, ng'ombe gani anaenea kwenye ndoo yenye mfuniko? Akasema yeye anafuata karatasi, ndoo si kazi yake," ananisimulia Sarara.

Mtunza stoo alifika adhuhuri. Nyama ilikuwa imeshapigwa na jua, ikarudishwa yote.

Mkewe alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia, maana aliona kosa ni la macho yake. Kesho yake akafungua shule.

Somo lake ni mlango wa bucha. Nje ya mlango, ng'ombe ni cow, kondoo ni sheep, ndama ni calf. Akishachinjwa na kuingizwa ndani, anakuwa beef, mutton, veal. Sarara amebandika vikaratasi pande zote mbili. Muuza mkaa wa jirani naye hafungiwi nyama siku hizi mpaka aitaje kwa jina la ndani.

"Anayenitoa jasho ni kuku," Sarara analalamika. "Yuko bandani, chicken. Yuko chunguni, chicken. Huyu ni mkaidi tu!"

Nyuma ya vicheko hivi kuna jambo zito. Daktari amesema upasuaji utamrudishia mkewe macho, lakini mapato ya kilo ishirini hayawezi kuulipia. Hoteli imekubali kumjaribu mara ya mwisho, na siku yenyewe ni leo.

Saa tatu tuko naye getini, ndoo tatu kwenye mkokoteni. Mlinzi ni yule yule. Anasoma polepole: beef kilo arobaini, mutton kilo ishirini.

"Pita, mzee wangu," anasema, na kulifungua geti.

Ndani, mpishi mkuu anaibonyeza nyama kwa kidole, anainusa, anatikisa kichwa kukubali. Sarara anatoka na mkataba wa miezi mitatu, akiwa ameukunja ndani ya shati.

"Malipo ya kwanza ni ya macho yake," ananiambia tukirudi. "Bucha litangoja. Hata mimi nitangoja."

Mkewe amesimama mlangoni, amezijua hatua zake kabla hajaongea. Anapewa habari, kisha ananyoosha mkono na kumpapasa kichwani.

"Nasikia ameota mvi," ananiambia. "Mwaka wa pili huu majirani wananisimulia mume wangu. Nataka nimwone mwenyewe."