Tope la Qurm

Mie darubini ilikuwa siiwezi. Nikiitia machoni naona kope zangu tu. Sikuwaambia wenzangu. Mtu aliyefungua duka lake Hamriya, hapa Muscat, kwa mikono yake, na darasa la tatu hakumaliza, hasimami mbele za watu akasema kidude kama kile kimemshinda.

Tulikuwa wazee watatu: mie, shemegi yangu, na mwalimu mstaafu mwenye kitabu chake cha ndege. Mwanzo wa Machi, asubuhi, baridi inaondoka na ndege wageni hawajarudi kwao. Tumeingia kwenye hifadhi ya mikoko ya Qurm na kanzu na vilemba, utasema tunakwenda harusini.

"Heroe wale, ng'ambo ya hori," akasema mwalimu, akatuonesha ndege upande wa pili wa maji. "Umewaona?"

"Nimewaona." Uwongo. Nimeona weupe tu.

"Wangapi?"

"Wengi."

Shemegi akacheka. "Wengi! Ndiyo hesabu ya dukani kwako hiyo?"

Nikaona haya. Nikavua makubadhi, nikaiacha njia, nikashuka topeni. "Nyinyi kaeni na vioo vyenu. Mie nawafata huko huko. Nimekulia mikokoni, nikitoa kaa."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu Unguja unakanyaga mizizi ya mkoko, minene, imepinda kama miguu ya meza, unaruka huu unakwenda ule. Mti wa hapa ni mchu, jamaa ya mkoko. Mizizi yake imechomoza topeni mingi mingi, myembamba kama kalamu. Nilidhani itanibeba. Hatua ya tano mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Nikauegemea wa kushoto niutoe, nao ukaingia hadi pajani.

Sikuwaita. Nikavuta kimyakimya, na kila nikivuta nashuka. Kisha nikasikia baridi mapajani. Maji yanajaa. Yalikuja bila ya sauti, yanatokea kwenye matundu ya kaa, huku na huku.

"Umekwama?" mwalimu akauliza.

"Nnapumzika."

"Unapumzika na maji yanajaa?"

Shemegi akatoa simu awaite watu wa uokozi. Nikampigia ukelele: "Usipige! Unataka waje wanipige picha, Muscat nzima inione? Ntatoka mwenyewe."

Maji yakafika kiunoni. Nilitaka kutetemeka, miguu ikakataa, imeshikwa. Ikatetemeka mikono peke yake. Nikamfikiria mke wangu, ameniwekea mkate wa kumimina na chai. Nikaona atakaa na chai ile mpaka ipoe, na watu waingie mlangoni kumwambia.

"Piga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, sikuijua kama ni yangu.

Shemegi akapiga. Wanakuja, walisema, lakini maji hayakuwa na subira. Mwalimu akavua kilemba chake, akachukua na cha shemegi, akavifunga ncha kwa ncha, akanirushia.

"Jifunge kwapani. Haya, lala!"

"Nilale wapi?"

"Kifudifudi! Lala, weye, utakufa umesimama na ujuba wako!"

Tangu niache skuli hakuna mtu aliyeniamrisha vile. Nikalala. Maji yakaniingia puani na mdomoni, chumvi na tope, nikajua basi, ndiyo hivi watu wanavyokufa. Wakavuta. Mguu mmoja ukatoka, ukafuata wa pili. Nikabururwa kwa tumbo mpaka mkavuni, watu wa uokozi hawajafika, na juu yangu vichwa viwili vya upara, vitupu, vinahema.

Mwalimu hakunipa pole. Aliniwekea darubini mapajani. "Sema kweli sasa. Uliwaona?"

"Sikuwaona. Siijui kuitumia."

Shemegi hakucheka. Mwalimu akakishika kidole changu, akakiweka kwenye kipete kidogo cha katikati. "Zungusha hapa. Polepole."

Nikazungusha. Walikuwepo, waridi, miguu myembamba ndani ya maji yale yale. Lakini mikono haikuacha kutetemeka, na wao wakarukaruka ndani ya kioo. Basi siku ile sikuweza kuwahesabu.