Mshale Mfupi Kwenye Nane

Nisikilize, nami nitaeleza taratibu ingawa bado nina hasira.

Nilitengeneza programu ndogo ya kuchora sura za saa. Haina vitufe wala mapambo. Unafungua dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri moja pamoja na saa unayoitaka, na picha inatoka: duara, namba, mishale miwili. Nilichoka kuchora saa za mitihani kwa kikombe na rula. Hata wewe unaweza kuitengeneza, usiogope. Ni mistari michache tu.

Ila kompyuta huanza kuhesabu siku saa sita usiku, si alfajiri kama sisi. Ukitaka mshale mfupi ukae kwenye nane, unaandika 8:00, na picha inajihifadhi kwa jina hilohilo. Sisi tukiitazama tunasema saa mbili. Hakuna mtu Morogoro anayeingia kazini saa nane asubuhi.

Mwalimu wa taaluma shuleni kwetu aliniomba picha za mtihani wa darasa la pili. Nilimpa, nikamweleza jambo hilo. "Nimekupata, mwalimu," akajibu, macho kwenye simu.

Katika darasa hilo alikuwamo mpwa wangu. Dada yangu alimleta kutoka Matombo aje kusoma kwangu, na kwetu Waluguru mtoto wa dada ni wa mjomba kwanza. Alirudi na karatasi yenye mikasi myekundu ya kukosa kwenye kila swali la saa. Chini imeandikwa: arudie darasa.

"Mjomba, hii si saa mbili?"

"Ni saa mbili."

"Sasa mbona nimekosa? Si ndipo tunapogongewa kengele?"

Waliopata ni wale walionakili namba iliyoonyeshwa na mshale mfupi, yaani wale ambao bado hawajui kusoma saa. Mwalimu alisahihisha kwa kufuata majina ya mafaili! Picha zenyewe hakuzitazama.

Kesho yake nilimfuata ofisini. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umeshuka na radi za milimani?" Walimu wakacheka.

"Jibu la swali la kwanza ni saa mbili."

"Faili lako mwenyewe linasema nane. Kompyuta idanganye, mtoto wa migombani aseme kweli?"

 

"Mwalimu, sasa hivi ni saa ngapi?"

Akatazama saa ya ukutani. "Saa nne na robo, na chai haijaletwa."

"Mshale mfupi umepita kumi. Kwa mtihani wako hiyo ni saa kumi na robo. Umekosa. Rudia darasa."

Safari hii walimu walimcheka mwenzao. Yeye akavuta rundo la karatasi, akaanza kusahihisha upya bila kuniangalia. Mpwa wangu akapanda darasa la tatu. Pole hakupewa, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: mtoto aliambiwa hajui kitu anachokijua vizuri, na mtu mzima hakuona haja ya kumwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekosea."

Programu nimeirekebisha, sasa picha inajiita kwa saa zetu. Lakini usiliamini hata jina hilo. Kabla ya kuweka alama, funika jina la faili kwa kiganja, tazama mishale, kisha isome saa kwa sauti.